Akteri wa Jadotville ni Nani?

Tangu mwaka 1952, kila baada ya miaka kumi, jarida la Sight and Sound la London huwauliza wahakiki wa dunia swali moja: filamu bora kuliko zote ni ipi? Kwa miongo mingi jibu lilikuwa Citizen Kane. Mwaka 2012 ikapinduliwa na Vertigo. Mwaka 2022 wakapiga kura watu zaidi ya 1,600, na waliyempandisha kileleni ni mama mmoja wa Brussels anayemenya viazi. Filamu yenyewe inaitwa Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles, ya mwongozaji Mbelgiji Chantal Akerman, ya mwaka 1975. Ina dakika 201. Mama anatandika kitanda, anang'arisha viatu vya mwanawe, anapika, anapokea mwanamume mchana kwa malipo, anarudi jikoni. Siku ya pili viazi vinaungua, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

Huku Likasi, Katanga, kati ya sisi wachache tunaofuatilia mambo haya, habari hiyo ilizua kicheko kwanza, halafu ubishi. Babu zetu waliokuwa maboi katika nyumba za wazungu wa mji huu, enzi hizo ukiitwa Jadotville, walimenya viazi vya Wabelgiji miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewasogezea kamera. Lakini mimi niliitazama filamu ile mpaka mwisho, kwa usiku mbili kwa sababu umeme ulikatika katikati, na nasema waliopiga kura hawakukosea sana. Nitaeleza mbele kwa nini.

Katika zile filamu 100 za London, za Waafrika weusi ni mbili, na zote ni za Senegali: Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty katika nafasi ya 66, na La Noire de... ya Ousmane Sembène iliyobanana na nyingine katika nafasi ya 95. Kongo haipo. Ukienda kwenye orodha ya upande wa pili, ile ya mtandao wa IMDb inayopigiwa kura na watazamaji wa kawaida, kwa miaka mingi juu kabisa imekaa The Shawshank Redemption. Kongo haipo huko pia. Sina haja ya kulalamika. Orodha ni ya wanaoitunga, na nasi tunayo ya kwetu.

Orodha ya mtaani haijawahi kuandikwa, lakini mtu yeyote aliyekulia Kikula au Panda katika zama za vibanda vya video anaijua kwa moyo. Bruce Lee yuko juu na hahojiwi. Commando ya Schwarzenegger inafuata, na Van Damme wa Bloodsport anagombea nafasi hiyo hiyo kila mwaka. Kipimo chake ni kimoja: akteri. Wenzetu wa Tanzania humwita steringi. Akteri ndiye mtu wa filamu. Ukishamjua, umejua wa kumshangilia, na wengine wote ni mabandit. Akteri hafi. Akifa, mwenye kibanda anadaiwa pesa zirudishwe. Watoto wanaoingia wakiwa wamechelewa hawaulizi filamu inahusu nini, wanauliza tu, "Akteri ni nani?"

Swali hili la kitoto nimeligeuza kuwa kipimo changu, na sijaona mhakiki wa London aliye na kipimo kikali zaidi. Ukilipeleka kwenye filamu zinazohusu ardhi hii yetu, kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, utashangaa linavyokata.

Nianze na ile ambayo watu wa nje wakisikia unatoka Likasi huitaja kabla hujakaa. The Siege of Jadotville ilitoka Netflix mwaka 2016. Mwongozaji wake ni Richie Smyth wa Ayalandi. Jadotville ndilo jina la Likasi wakati wa ukoloni, likitokana na mhandisi Jean Jadot, na tuliliacha katika miaka ya 1960. Kisa ni cha kweli. Septemba 1961, kikosi cha Waayalandi wapatao 155 waliotumwa na Umoja wa Mataifa kilizingirwa hapa mjini na jandarmeri ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, pamoja na mamluki wa kizungu. Shambulio lilianza tarehe 13 asubuhi, askari wengi wakiwa kwenye misa. Walipigana mpaka tarehe 17. Msaada uliotumwa kutoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulikwama kwenye daraja la Lufira. Maji yakaisha, risasi zikaisha, na kamanda wao, Pat Quinlan, akasalimu amri. Hakuna Mwayalandi hata mmoja aliyekufa. Walishikwa mateka kwa wiki kadhaa, wakaachiwa, wakarudi kwao, na huko badala ya kushangiliwa wakaonekana waoga kwa sababu walijisalimisha. Ilichukua miongo kadhaa kabla serikali yao haijawarudishia heshima. Quinlan alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1997.

Kama filamu ya vita, ni nzuri. Jamie Dornan anamcheza Quinlan kwa utulivu unaokubalika, na mapigano yamepangwa vizuri: unajua nani yuko wapi na risasi inatoka upande gani, jambo ambalo filamu nyingi za vita siku hizi zimelisahau. Guillaume Canet, anayemcheza mamluki Mfaransa René Faulques, ana ule ubaridi wa mtu anayeua kwa mshahara. Hasira ya filamu imeelekezwa kwa wakubwa wa Umoja wa Mataifa waliowatelekeza askari wao, na hasira hiyo ni ya haki.

Sasa itazame ukiwa Likasi, pamoja na watoto. Nimeona ikionyeshwa kwenye kompyuta ya mkononi, sebuleni, watu wamejaa mpaka mlangoni. Mtoto mmoja akauliza lile swali. Mzee akamjibu, "Ni ule komanda wa Bairlande."

"Na siye?"

"Siye tuko ba bandit."

Sebule nzima ilicheka, na kisha ikaendelea kumshangilia Quinlan. Ndiyo nguvu ya sinema: ilituweka nyuma ya bunduki ya mgeni, tukafurahi kila alipoangusha mtu wa mji wetu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema upande wa Katanga waliuawa watu kama 300. Kwenye filamu wao hukimbia na kuanguka. Mkatanga anayekumbukwa baada ya filamu kwisha ni Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, peke yake, na anayemcheza ni Danny Sapani, mwigizaji wa Uingereza. Wengine wote ni makundi ya watu wanaotoka porini.

Simlaumu Smyth kwa kuwapenda Waayalandi. Alikuja kuwasafishia jina wazee wa kwao na amefanya hivyo. Wala sitaki kugeuza jandarmeri kuwa malaika: serikali ya Tshombe ilibebwa na pesa za kampuni ya migodi ya Union Minière na bunduki za Wabelgiji, na Baluba wa kaskazini mwa Katanga wana hesabu yao nayo ambayo haijafungwa. Lakini mji nao una watu. Siku zile tano kulikuwa na akina mama waliotafuta unga, wafanyakazi waliosikia ving'ora vya zamu kwenye viwanda vya Shituru, watoto waliofichwa chini ya vitanda. Filamu yenye jina la mji wetu haikuwaona, na haikushangazi ukijua kwamba ilipigwa Afrika Kusini. Naiweka nafasi ya saba. Ingekuwa orodha ya filamu za vita tu, ingepanda mpaka ya tatu.

Kwa habari ya kupigwa kwingine, Jadotville haiko peke yake. Mwaka 1978 waasi waliotoka Angola waliingia Kolwezi na jeshi la Ufaransa likashusha askari wa miavuli. Miaka miwili baadaye Raoul Coutard, yule yule mpiga picha mashuhuri wa filamu za kwanza za Godard, akaliongoza tukio hilo katika La légion saute sur Kolwezi. Aliipiga Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Kabla ya hapo, mwaka 1968, kulikuwa na Dark of the Sun, mamluki ndani ya treni wakienda kuokoa watu na almasi Kongo. Treni ile ilipita katika misitu ya Jamaika. Filamu hizi mbili ninaziweka mkiani na sitazipotezea wino zaidi, ila niseme kwamba mtu aliyepiga picha nzuri vile kwa ajili ya Godard alikuwa na deni la kutuonyesha Kolwezi yenye watu.

Ungeweza basi kusema kipimo kiwe udongo: filamu iliyokanyaga ardhi yetu ipande, isiyoikanyaga ishuke. Kwa muda rafiki yangu mmoja wa Panda alikuwa akishikilia hivyo, na nilimshinda kwa jina moja tu: Lumumba.

Lumumba ya Raoul Peck ilitoka mwaka 2000. Ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, maana Kongo ilikuwa vitani. Peck ni mtu wa Haiti, aliyeletwa Kinshasa akiwa mtoto baba yake alipokuja kufanya kazi hapa baada ya uhuru. Eriq Ebouaney anayemcheza Lumumba alizaliwa Ufaransa. Hakuna punje ya udongo wa Katanga mle ndani, na bado filamu ile ni yetu. Inaanza na wazungu wawili usiku wakiwa na kazi ya kuteketeza miili. Kila mtu wa Likasi anayepanda basi kwenda Lubumbashi anapita karibu na Shilatembo, mahali ambapo Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Juni 2022, lile jino la Lumumba lililokuwa limebaki Ubelgiji liliporudishwa, lilizungushwa nchini na kufikishwa Shilatembo. Peck alikuwa amekwisha kutupeleka pale miaka 22 kabla. Akteri anakufa, tunalijua hilo tangu dakika ya kwanza, na hakuna aliyewahi kudai pesa zake. Nafasi ya tatu.

Nafasi ya pili ina dakika 150, haina mwigizaji hata mmoja na inapigwa jazi muda wote. Soundtrack to a Coup d'Etat ya Mbelgiji Johan Grimonprez ilitoka mwaka 2024 na ikafika mpaka kuteuliwa kugombea Oscar ya filamu za hali halisi. Ni picha za kumbukumbu zilizounganishwa kwa kasi: Khrushchev akigonga meza, Louis Armstrong akizunguka Afrika akipiga tarumbeta huku majasusi wakimtumia kama kifuniko bila yeye kujua, Andrée Blouin akihutubia, wakubwa wa Union Minière wakihesabu. Armstrong alifika mpaka Élisabethville mwishoni mwa 1960, Lumumba akiwa kizuizini. Katikati ya picha hizo za zamani Grimonprez anapachika matangazo ya kisasa ya simu na magari ya umeme, na mtu wa Likasi hahitaji kuelezwa: kobalti ile ile inapita barabarani kwetu ndani ya malori kila siku. Kosa lake ni kwamba inakimbia mno. Mtu asiyejua Gizenga ni nani atapotea kabla ya nusu saa. Lakini ukiijua habari kidogo, kasi yenyewe inakufanya ujisikie kama mtu aliyesimama pembeni akitazama nchi yake ikiuzwa mnadani, bei ikitajwa kwa lugha tatu.

Sasa Oppenheimer. Najua wasomaji wataruka. Filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2023, iliyobeba Oscar saba, inatafuta nini kwenye orodha ya Katanga?

Kumbuka yale mabakuli. Oppenheimer, anayechezwa na Cillian Murphy, anaweka bakuli za kioo mezani, na kila shehena ya madini inapopatikana anatia gololi ndani yake, kuonyesha ni kiasi gani cha urani na plutoni kimefikiwa na ni kiasi gani bado. Mwanzoni bakuli ni tupu, gololi chache zinagonga kioo. Filamu ikisonga, bakuli zinajaa. Ni mbinu nzuri sana ya kuonyesha muda bila kalenda, na nadhani ndiyo sehemu bora ya ufundi katika filamu nzima, kuliko hata mlipuko.

Zile gololi zimetoka wapi? Mgodi wa Shinkolobwe uko kilomita kama 20 kutoka Likasi. Madini yake ya urani yaliweza kufikia ubora wa asilimia 65, wakati migodi ya Marekani na Kanada ilikuwa na chini ya asilimia moja. Mwaka 1940, mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja mpaka New York, zikakaa ghalani Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua, na likaanza kuagiza nyingine. Zilichimbwa kwa mikono ya watu wetu, zikapakiwa treni hapa. Sehemu kubwa ya urani iliyoangushwa Hiroshima ilitoka shimo lile. Katika saa tatu za Nolan, Kongo haitajwi. Bakuli linajaa lenyewe.

Rafiki wa Panda anasema filamu isiyotutaja haiwezi kuingia kwenye orodha yetu. Mimi nasema kinyume: kwa mtazamaji wa hapa hii ni filamu nyingine kabisa na ile inayotazamwa Los Angeles. Wao wanaona hesabu. Sisi tunaona wabeba mifuko. Mtoto wa Likasi anayecheza gololi chini ya mwembe anaweza kuielewa haraka kuliko profesa. Akteri wa filamu ile, kwa kipimo changu, yuko nje ya picha, na Nolan bila kukusudia amempa mahali pa kuonekana, pale kwenye kioo. Naipa nafasi ya sita, juu ya Jadotville, na niko tayari kubishana na yeyote.

Ndiyo maana filamu iliyo juu ya zote kwangu ni ile ambayo wabeba mifuko wamo ndani ya picha kuanzia mwanzo. Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, ilishinda tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Akteri wake ni Kabwita Kasongo, kijana wa kijiji cha Walemba, karibu na Kolwezi. Anaukata mti mkubwa kwa shoka. Analifukia tanuru kwa udongo, anakesha nalo. Anapakia magunia ya mkaa juu ya baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani, kisha anaisukuma kilomita kama 50 mpaka mjini. Basi. Filamu nzima ni hiyo.

Na hapa narudi kwa yule mama wa Brussels. Akerman aliweka kamera jikoni akakataa kuiondoa mpaka kazi iishe, kwa sababu alijua ukikata picha mtazamaji atadhani kazi ni rahisi. Gras anafanya hivyo hivyo barabarani. Kabwita anasukuma kilima, na kamera haimsaidii. Haikati kumpeleka juu. Unausikia mnyororo, unasikia pumzi, unaona mguu ukitafuta mahali pa kukanyaga. Malori yanapita na kumfunika vumbi. Gari moja linamwangusha, magunia yanatawanyika. Mlangoni mwa mji wanaume wanamdai chochote ili apite. Sokoni wanunuzi wanambana bei kana kwamba mkaa umeokotwa. Kisha anaenda kuuliza bei ya mabati ya nyumba anayotaka kujenga, na unapolisikia jibu unapiga hesabu pamoja naye, kimya kimya, ni safari ngapi tena. Sijaona hesabu ya uchumi wa Katanga iliyoelezwa vizuri zaidi ya uso ule mbele ya duka la mabati.

Wanazungumza Kiswahili chetu, kile cha njiani, bila mtu kukisahihisha. Wapo wanaosema kuna uzuri uliopitiliza, kwamba sauti ya chelo inayoingia mara kwa mara inamgeuza mtu maskini kuwa mchoro wa kanisani. Chelo kweli naona ingepunguzwa. Wapo pia wanaouliza kwa nini kamera isishushwe chini ili mpiga picha asaidie kusukuma. Swali hilo nimelisikia Likasi zaidi ya mara moja, na wanaouliza ni wale waliowahi kusukuma baiskeli kama zile. Sina jibu lake linaloridhisha. Ila baada ya filamu ile huwezi tena kupishana na wale vijana alfajiri, wakishuka na mizigo yao, ukadhani umewaona kwa kuwatazama mara moja dirishani.

Kati ya nafasi ya nne na ya tano kuna ugomvi. Empire of Dust ya Bram Van Paesschen, ya mwaka 2011, inawafuata watu wawili wa kampuni ya Kichina inayojenga barabara maeneo ya Kolwezi: Lao Yang, anayesaka kokoto na vifaa, na Eddy, mkalimani wake Mkongo anayezungumza Kichina sawasawa. Kuna mahali Lao Yang anamhubiria Eddy kwamba Wabelgiji waliwaachia Wakongo kila kitu, nao wakakiacha kioze. Kipande hicho kimesambazwa sana mitandaoni na watu wenye nia mbaya, wakikata hapo hapo. Ukiitazama yote unaona Lao Yang naye amechoka, amedanganywa bei, anatamani kwao, na Eddy anamwelewa kuliko yeye anavyomwelewa Eddy. Ni filamu ya kuchekesha sana, na watu wa nje mara nyingi hawajui hilo. Katanga Business ya Thierry Michel, ya mwaka 2009, ina watu wakubwa zaidi, kuanzia gavana Moïse Katumbi mpaka tajiri George Forrest, lakini wakubwa wanapoiona kamera wanajipanga. Eddy hajipangi. Kwa hiyo Michel nimemwacha nje, nikijua nitasemwa.

Nafasi nyingine naipa Augure ya Baloji. Mwanamuziki huyu aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji aliipeleka filamu yake ya kwanza ndefu Cannes mwaka 2023 na kurudi na tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Koffi anarudi nyumbani kutoka Ulaya akiwa na mchumba mzungu mjamzito na mahari mfukoni, akitaka tu baraka za baba, ambaye yuko mgodini na hapatikani. Akiwa amempakata mtoto wa ndugu, damu inamtoka puani na kumdondokea kichanga, na familia yote inashtuka: si walisema tangu zamani kwamba huyu ni mchawi? Kutoka hapo filamu inatawanyika kwenda kwa dada, kwa mama, kwa mtoto wa mtaani mwenye genge lililovaa magauni ya waridi. Wengine walisema imejaa mno. Imejaa, kweli. Lakini zile dakika za mwanzo, familia ikiwa imekaa kwenye viti vya plastiki ikimhukumu mtu kwa macho tu, zina ukweli wa kwetu usiopatikana popote. Na tuseme lile ambalo kila mtu wa Likasi anasubiri niliseme: Marc Zinga anayemcheza Koffi alizaliwa hapa hapa Likasi. Alipoonekana kidogo tu katika Spectre, filamu ya James Bond ya mwaka 2015, kuna watu walisimamisha picha.

Machini, filamu fupi ya Frank Mukunday na Tétshim ya mwaka 2019, siipangi na hizi kwa sababu ni ya michoro na ina dakika kama kumi tu, lakini itafute. Vijana hao wa Lubumbashi walijifundisha wenyewe, wakawafanya binadamu kwa mawe, na mawe yale yanaishi jirani na kiwanda kama tunavyoishi sisi.

Mashabiki wenzangu watauliza mbona sijagusa La Vie est belle ya Papa Wemba, mbona sijagusa Viva Riva! Nazipenda zote mbili. Ni za Kinshasa, na Kinshasa haijawahi kukosa wa kuisifu. Kwa kicheko na kilio vya Kiswahili, nyumba nyingi za hapa zilimjua marehemu Steven Kanumba wa Bongo kabla hazijamjua mwongozaji yeyote wa Kinshasa.

Filamu ninayoitaka mimi haijapigwa bado. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa Katanga, walifukuzwa majumbani, na maelfu kwa maelfu wakakaa miezi kwenye kituo cha treni cha Likasi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Hapo swali la mtoto linakuwa gumu kweli, maana hakuna Mwayalandi wa kushangilia wala mamluki wa kuzomea: waliokaa kituoni ni jirani zetu, na waliowatoa nyumbani ni jirani zetu pia. Rafiki wa Panda, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliongoja pale, anataka iwe ya kuchekesha, kwa Kiswahili cha michezo ya kuigiza ya Mufwankolo, watu wakibishana juu ya nani anakaa kwenye godoro la nani. Mimi nilidhani anatania. Hatanii. Tumeshakubaliana hata picha ya kwanza iwe kituoni hapo hapo, siyo Afrika Kusini. Tulichoshindwana ni nani amcheze Kyungu. Yeye anasema Marc Zinga. Mimi nasema Zinga ana sura ya upole mno, na kama atarudi Likasi kufanya kazi, apewe nafasi ya mkuu wa kituo.